Ushawishi wa mtandaoni: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kazi yako hasa ni ipi?

Natafiti namna watu wanavyoshawishika wakiwa mtandaoni. Kwa nini mtu anaamini posti fulani na kuipita nyingine? Nini kinamfanya abonyeze kitufe cha kusambaza? Na katika mafunzo yote yanayotolewa siku hizi kuhusu matumizi ya intaneti, yapi yanasaidia kweli na yapi ni ya kupamba ripoti tu?

Sehemu kubwa ya kazi yenyewe haina mvuto: kuandaa vichwa vya habari vya majaribio, kuvigawa kwa washiriki kwa bahati nasibu, kusubiri majibu ya dodoso, halafu kukesha na takwimu. Siwasaki wadukuzi, wala siwezi kukurudishia akaunti iliyoibwa. Hilo la akaunti naombwa kila mara, kwa hiyo nalitaja mapema.

Kwani kumshawishi mtu ni kosa?

Hapana. Daktari anayekuhimiza uache sigara anakushawishi, na mzazi vilevile. Mwanasaikolojia Robert Cialdini alizigawa mbinu za ushawishi katika makundi 6 mwaka 1984: kulipa fadhila, kushikilia ulichokwisha kuahidi, kufuata wengi, kumkubali unayempenda, kutii mamlaka na kuogopa kukosa kilicho haba. Mwaka 2016 akaongeza la saba, hisia ya kuwa "sisi ni wamoja". Fungua tovuti yoyote ya kuuza tiketi au vyumba vya hoteli utazikuta karibu zote kwenye skrini moja: zimebaki nafasi 2, watu 14 wanaangalia sasa hivi, saa inahesabu kurudi nyuma.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: je, mbinu hiyo ingeendelea kufanya kazi kama mshawishi angekueleza waziwazi anachokifanya? Daktari anaweza kukwambia "nakutisha kidogo kwa sababu naujali uhai wako," na bado ukamsikiliza. Tovuti ikikiri kwamba hao watu 14 imewabuni, biashara imekwisha.

Kwa nini watu wenye elimu nao wanaamini uzushi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu anayeuliza kwa kawaida anawafikiria watu wengine.

Mwaka 1977 Lynn Hasher na wenzake wawili waliwapa wanafunzi orodha za kauli, za kweli na za uongo, wazipime kama zinaaminika. Walifanya hivyo mara 3, kila baada ya wiki mbili. Baadhi ya kauli zilirudiwa, nyingine zilikuwa mpya. Zilizorudiwa zilizidi kuaminika kila awamu, ziwe za kweli au za uongo. Hakuna aliyeleta ushahidi wowote. Kauli zilizoeleka tu. Ubongo ukipokea jambo bila taabu kwa sababu umelikuta tena, unauchukulia ule wepesi kuwa dalili ya ukweli. Wahenga wetu waliosema lisemwalo lipo walikuwa wanaeleza tabia ya binadamu vizuri kuliko walivyokuwa wanaeleza ukweli wa habari.

Wengi wakasema: sawa, lakini hayo ni mambo ambayo watu hawakuyajua. Mwenye maarifa hawezi kunaswa. Mwaka 2015 Lisa Fazio na wenzake walilijaribu hilo. Moja ya kauli zao ilisema kwamba sari ni sketi fupi ya marinda inayovaliwa na Waskoti. Walikuwamo washiriki waliojua fika kwamba vazi hilo la Waskoti huitwa kilt. Hata hao, walipoikuta kauli ya sari kwa mara ya pili, waliipa alama za juu kidogo za ukweli. Maarifa walikuwa nayo kichwani. Hawakuyaita yaje kazini.

Kwa hiyo shahada haikukingi. Kinachokukinga ni kusimama na kukumbuka unachokijua, na mtandaoni hakuna kinachokusimamisha. Kupeleka kidole juu na ukurasa ukaendelea bila mwisho ni ubunifu wa Aza Raskin wa mwaka 2006, na yeye mwenyewe baadaye alijitokeza hadharani kuukosoa.

Uongo husambaa kuliko ukweli. Ni kazi ya roboti?

Watu wangependa jibu liwe ndiyo. Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichambua habari zipatazo 126,000 zilizozunguka Twitter kuanzia mwaka 2006 hadi 2017, zote zikiwa zimekwisha kukaguliwa na mashirika ya kuhakiki habari. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa zaidi kwa asilimia 70, na ukweli ulichukua muda takriban mara 6 ya ule wa uongo kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti za roboti, tofauti ilibaki palepale, kwa sababu roboti zilisambaza ukweli na uongo kwa kasi ileile. Waliobagua ni binadamu. Habari za uongo zilikuwa ngeni zaidi masikioni na ziliamsha mshangao na karaha, na binadamu hupenda kuwa wa kwanza kupeleka jambo jipya.

Hasira nayo ina mchango wake. Utafiti wa William Brady na wenzake wa mwaka 2017, uliopitia zaidi ya jumbe 560,000 kuhusu mada zinazozua mabishano, uliona kwamba kila neno moja lenye kuchanganya hisia na maadili (maneno kama "aibu" au "uovu") liliongeza usambaaji wa ujumbe kwa takriban asilimia 20. Wanaoandika posti za kuchochea hawakuhitaji kuusoma utafiti huo. Walishalijua kwa kuhesabu laiki.

Hata hivyo msidhani kila mtu anasambaza uongo. Katika data ya uchaguzi wa Marekani wa 2016, Andrew Guess na wenzake waliona kuwa chini ya asilimia 9 ya watumiaji wa Facebook waliowachunguza walisambaza angalau kiungo kimoja cha tovuti za habari bandia. Tatizo ni kwamba wachache hao wana sauti kubwa.

Posti ikiwa na laiki nyingi, si dalili kwamba ni nzuri?

Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2006 ambalo kila mtu mwenye akaunti anapaswa kulijua. Waliwakaribisha watu zaidi ya 14,000 kwenye tovuti yenye nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wengine walisikiliza bila kuona wenzao wamepakua nini. Wengine waligawanywa katika "dunia" 8 tofauti, kila moja ikianza na sifuri, na humo kila mtu aliona wimbo upi umepakuliwa mara ngapi na watu wa dunia yake.

Nyimbo zilezile, watu wa aina ileile, lakini kila dunia ikapata mabingwa wake. Wimbo mmoja ulishika nafasi ya 1 katika dunia moja na ya 40 katika nyingine. Nyimbo bora kabisa hazikuanguka sana na mbovu kabisa hazikupanda sana. Zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, zilipelekwa popote na bahati ya wapakuaji wa mwanzo.

Miaka 7 baadaye Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor wakajaribu jambo dogo zaidi: walichukua maoni ya watu kwenye tovuti ya habari na kuyapa baadhi yao kura moja tu ya juu, bila mpangilio. Kura hiyo moja ilipandisha alama za mwisho kwa wastani wa asilimia 25. Sasa fikiria anayenunua laiki 5,000 siku ya kwanza.

Kwa nini namwamini mtu ninayemfuata kuliko mtaalamu?

Kwa sababu unahisi unamfahamu. Umemwona jikoni kwake, umemsikia akilia, unajua jina la paka wake. Donald Horton na Richard Wohl waliieleza hali hii mwaka 1956 wakizungumzia watangazaji wa redio na televisheni: urafiki wa upande mmoja, ambao mmoja anaujua na mwingine hana habari nao. Si ugonjwa, na wapweke huwasaidia. Unaharibika pale rafiki huyo anapoanza kuuza dawa.

Simu yangu inanisikiliza? Nazungumzia viatu, naletewa matangazo ya viatu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walizichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android mwaka 2018 wakitafuta zinazorekodi sauti kisirisiri na kuituma. Hawakuzipata. Walichokipata ni programu zilizorekodi skrini na kutuma video ya unachobonyeza, jambo ambalo mimi linanitisha zaidi.

Ukweli ni kwamba hawahitaji kukusikiliza. Mahali ulipo, ulichotafuta, ulivyokawia kwenye picha fulani, na walichotafuta watu mlio karibu nao vinatosha. Na matangazo mengine yote ambayo hayakuhusiana na mazungumzo yako uliyasahau.

Na Cambridge Analytica, ile kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, je? Waliwabadilisha wapigakura akili?

Kashfa ilikuwa ya kweli. Watu takriban 270,000 walijaza jaribio la haiba kupitia programu moja ya Facebook, na kupitia wao data za marafiki zao zikachotwa, hadi watu milioni 87 kwa hesabu ya Facebook yenyewe. Habari ilifumuka mwaka 2018, na mwaka uliofuata Facebook ikakubali kulipa faini ya dola bilioni 5 nchini Marekani.

Ila kuiba data ni jambo moja, kuzigeuza kuwa rimoti ya akili za watu ni jambo jingine. Madai makubwa kuhusu nguvu za kampuni hiyo yalitoka kwa kampuni yenyewe, ilipokuwa ikitafuta wateja. Wanasaikolojia wengi, nami nikiwamo, wanaona tangazo moja lililolengwa kwa haiba yako lina nguvu ndogo. Hatari iko kwenye kurudiarudia na kwenye wingi, kama nilivyoeleza juu.

Nitajuaje kama ukurasa unaaminika?

Ushauri wa kale ulikuwa: utazame vizuri. Una makosa ya tahajia? Una sehemu ya "kutuhusu"? Anwani inaishia na nini? Ushauri huo umepitwa na wakati, tena unadhuru, maana kila kilichomo kwenye ukurasa kimewekwa na mwenye ukurasa.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wakaguzi wa habari 10. Mojawapo ya kazi ilikuwa kulinganisha tovuti mbili za madaktari wa watoto wa Marekani. Moja ni ya American Academy of Pediatrics, chama kikuu cha taaluma hiyo tangu 1930, chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Nyingine ni ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa mgogoro kuhusu wapenzi wa jinsia moja kulea watoto. Majina yanakaribiana, tovuti zote nadhifu, marejeo yamepangwa vizuri.

Wanafunzi wengi walichagua kile kikundi kidogo. Wanahistoria, waliozoea kuchambua nyaraka maisha yao yote, waligawanyika. Wakaguzi wote 10 walipata jibu, tena upesi. Tofauti ilikuwa mikononi: wanafunzi na wanahistoria walisoma ukurasa kutoka juu hadi chini, wakaguzi waliutupia jicho, wakafungua vichupo vipya na kwenda kuuliza wengine wanasema nini kuhusu hao watu. Waliuacha ukurasa ili waujue.

Basi fanya hivyo. Ukiletewa makala kwamba "taasisi ya utafiti wa afya" imegundua jambo fulani, usianze na makala. Nakili jina la taasisi, litafute pamoja na maneno kama "inafadhiliwa na nani" au "kashfa". Usibonyeze tokeo la kwanza kwa pupa. Soma mistari michache chini ya kila tokeo uone nani anawazungumzia. Wikipedia inafaa sana kwa hatua hii, na walimu wanaoikataza wanawanyima wanafunzi chombo ambacho wakaguzi wenyewe hukikimbilia. Kama tovuti pekee inayoitaja taasisi hiyo ni ya taasisi hiyo, umekwisha kupata jibu. Zoezi zima halizidi dakika mbili.

Na picha na video za akili mnemba?

Acheni kuhesabu vidole. Kasoro za mwaka huu zitarekebishwa mwakani, na mtu aliyefundishwa kutafuta kasoro ataamini kila kisichokuwa nazo. Uliza badala yake: nani aliichapisha kwanza, lini, na kuna mwingine aliyekuwepo? Tafuta kwa kutumia picha yenyewe. Mara nyingi utagundua haikutengenezwa na mashine yoyote: ni picha halisi ya tukio la miaka mingi nyuma iliyopewa maelezo mapya. Uongo wa bei rahisi bado ndio unaotawala.

Mama yangu anasambaza kila kitu kwenye kundi la familia. Nifanyeje?

Usimsahihishe kundini. Mbele ya shemeji, wakwe na wajukuu hatakusikia ukisema habari si ya kweli. Atasikia kwamba mwanawe amemvunjia heshima.

Mpigie au mwandikie faragha. Anza na kilichomgusa, maana mara nyingi amesambaza kwa upendo: "Shikamoo mama. Nimeona ule ujumbe wa dawa ya presha, najua unatuhofia. Uliupata kwa nani?" Swali la chanzo linamfanya afikirie bila kushtakiwa. Kisha mpe maelezo mbadala, si neno "uongo" peke yake: dawa ile haishushi presha, na hatari yake ni mtu kuacha vidonge vyake. Akitaka kufuta, afute yeye mwenyewe.

Ni kweli kwamba wazee husambaza zaidi. Utafiti uleule wa Guess ulionyesha waliozidi miaka 65 walisambaza makala za tovuti bandia karibu mara 7 ya kundi la vijana kabisa. Lakini vijana nao wana yao, hasa kwenye mambo ya pesa na urembo.

Nimesikia ukimsahihisha mtu ndiyo anazidi kushikilia. Kweli?

Ilidhaniwa hivyo baada ya utafiti wa Brendan Nyhan na Jason Reifler wa mwaka 2010. Thomas Wood na Ethan Porter walipolijaribu upya kwa maelfu ya watu na mada kadhaa, hawakuiona hali hiyo. Kwa kawaida masahihisho yanasaidia, ingawa yanafifia na wakati. Kwa hiyo sahihisha, kwa adabu, na uwe tayari kurudia.

Hata wanaoamini njama kubwa si wa kukatiwa tamaa. Katika utafiti wa Thomas Costello, Gordon Pennycook na David Rand uliotoka 2024, washiriki waliojadiliana na programu ya akili mnemba iliyowajibu hoja zao wenyewe, moja baada ya nyingine, walipunguza imani yao kwa takriban asilimia 20, na matokeo yalidumu angalau miezi miwili. Nadhani siri si mashine. Ni kwamba kwa mara ya kwanza kuna aliyeisikiliza hoja yao hasa na kuijibu bila kuwacheka.

Kuna "chanjo" dhidi ya upotoshaji?

Wazo ni la William McGuire, miaka ya 1960: mwonjeshe mtu hoja dhaifu pamoja na majibu yake, ajizoeze kabla ya ile kali. Sander van der Linden na Jon Roozenbeek, wakiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, walilihamishia mtandaoni kwa michezo na video fupi zinazofundisha hila zenyewe, kama kutisha, kumsingizia adui, au kudai kwamba kuna njia mbili tu za kuchagua. Watu hutambua hila vizuri zaidi baadaye.

Tahadhari yangu: Ariana Modirrousta-Galian na Philip Higham walipochambua upya data za michezo hiyo mwaka 2023, waliona wachezaji walikuwa wameanza kutilia shaka kila kitu, pamoja na habari za kweli, badala ya kuwa hodari zaidi wa kutofautisha. Mafunzo yoyote yasiyowapima watu kwa habari za kweli pia, mimi siyahesabu.

Basi bora nisiamini chochote?

Huo ndio ushindi wa wapotoshaji. Asiyeamini chochote hana pa kusimama, na mwishowe humfuata anayempendeza. Ninapofundisha, nusu ya mazoezi yangu ni habari za kweli zinazoonekana za ajabu, na anayezikataa anapoteza alama sawasawa na aliyemeza uzushi.

Tena watu wana uwezo kuliko wanavyodhaniwa. Pennycook na Rand waliona kwamba watu wakiulizwa kama kichwa cha habari ni cha kweli, wanatofautisha vizuri kiasi. Wakiulizwa kama wangekisambaza, tofauti hiyo karibu inapotea. Wanajua, ila wakati huo akili iko kwenye kuchekesha, kukera au kuonekana. Kumuuliza mtu kuhusu ukweli wa kichwa kimoja tu kulitosha kuboresha kidogo alichokisambaza baadaye. Kidogo, si sana, lakini gharama yake ni sifuri.

Mnatufanyia majaribio bila sisi kujua?

Mtafiti wa chuo hupitia kamati ya maadili kwanza. Unapewa fomu ya ridhaa, unaweza kujitoa wakati wowote, na kama tulikuonyesha habari ya uongo lazima tukueleze mwishoni ipi ilikuwa ya uongo. Hiyo ya mwisho siifanyii mzaha, kwa sababu ya ule utafiti wa 1977: sitaki kuwa mimi niliyekuzoesha uzushi.

Makampuni ni habari nyingine. Kwa wiki moja Januari 2012 Facebook ilipunguza posti za furaha au za huzuni kwenye kurasa za watu 689,003 ili kuona kama hisia zinaambukiza. Athari ilikuwa ndogo mno. Matokeo yalipochapishwa 2014 kelele zilikuwa kubwa, kwani ridhaa ilidaiwa kuwa imo ndani ya masharti ya matumizi, na jarida lenyewe likachapisha tamko la wasiwasi wake.

Nataka kusomea fani hii. Nianzie wapi?

Anza na takwimu, hata kama ulikimbilia saikolojia ili uikwepe hisabati. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data. Zoea kuandika dhana na mpango wa uchambuzi na kuusajili kabla ya kukusanya data, maana fani yetu imeungua sana kwa matokeo ambayo hayakupatikana tena tafiti ziliporudiwa. Soma na sosholojia kidogo.

Ujue pia kwamba data zimekuwa ngumu kupatikana. Mwaka 2023 Twitter ilifunga mlango wa bure ambao watafiti waliutumia kupata data zake, na Agosti 2024 Meta, kampuni mama ya Facebook, ikaizima CrowdTangle, chombo cha kufuatilia posti zinavyosambaa. Sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya inayalazimisha majukwaa makubwa kuwapa data watafiti waliothibitishwa, lakini maombi yana makaratasi mengi. Wanafunzi wangu wengi siku hizi huwaomba watu wachangie data zao wenyewe: unaipakua historia yako kutoka kwenye jukwaa, unafuta usiyotaka tuyaone, unatutumia yaliyobaki.